Fiziotherapia kwa Mgonjwa Aliyechanganyikiwa Baada ya Upasuaji wa Moyo: Kutoka Wodi ya Dar es Salaam hadi Miteremko ya Uluguru

Utangulizi

Mgonjwa anapofanyiwa upasuaji wa moyo, ndugu zake huwa na maswali mawili: je, atapona, na atarudi lini nyumbani. Ni nadra kuuliza iwapo akili yake itaamka sawia na moyo wake. Hata hivyo, katika siku chache za mwanzo baada ya upasuaji, baadhi ya wagonjwa hubadilika ghafla. Aliyekuwa mpole hung'oa kanula na kutaka kushuka kitandani usiku wa manane. Mwingine hulala kimya, hageuki, hali, wala hamjibu mwanawe aliyesafiri kutoka Matombo kuja kumwona. Hali hiyo ya kuchanganyikiwa ghafla wataalamu huiita deliriamu.

Kwa mgonjwa wa Morogoro jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa kawaida upasuaji hufanyika Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 190, katika taasisi kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Upasuaji wa kufungua moyo ulikuwa umeanza kufanyika Muhimbili tangu mwaka 2008. Mgonjwa huondoka kwao, hulazwa kati ya watu asiowajua, kisha hurudi kwenye nyumba iliyojengwa mlimani, ambako hata kwenda kisimani ni kupanda na kushuka. Makala haya yanaeleza namna fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, inavyoweza kumsaidia mgonjwa huyo, mipaka yake, na wajibu wa mhudumu wa Morogoro kabla na baada ya safari hiyo.

Deliriamu ni nini, na si nini

Deliriamu ni hitilafu ya ghafla ya ubongo inayotokana na maradhi, dawa au mshtuko wa mwili. Ina alama nne kuu: huanza ghafla na kupandashuka katika siku hiyo hiyo, mgonjwa hushindwa kuweka umakini wake mahali pamoja, fikra zake hukosa mpangilio, na kiwango cha fahamu zake hubadilika, ama akawa na fadhaa ama akawa mzito wa kuamka. Alama hizi ndizo msingi wa kipimo cha CAM-ICU, kilichochapishwa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya wagonjwa mahututi, wakiwemo wasioweza kuzungumza kwa sababu ya mrija wa kupumulia. Mgonjwa husemwa kuwa na deliriamu akiwa na alama ya kwanza na ya pili, pamoja na mojawapo ya hizo mbili nyingine.

Kuna sura tatu. Ya kwanza ni ya fadhaa: mgonjwa hupiga kelele, hung'ang'ania kuondoka au huona vitu visivyokuwapo. Ya pili ni ya ukimya: mgonjwa hulala, hazungumzi, hasumbui mtu. Ya tatu huchanganya hizo mbili. Sura ya ukimya ndiyo inayopita bila kuonekana, kwa kuwa wodi yenye shughuli nyingi humhesabu mgonjwa mtulivu kuwa anaendelea vizuri. Mara nyingi mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kwanza kuitambua, kwa sababu yeye humwomba mgonjwa afanye jambo na hungoja jibu.

Deliriamu si wazimu, si uzee wa kawaida, na si ishara kwamba mgonjwa amerogwa au amepandwa na pepo. Familia inayofikiri hivyo haipaswi kudhihakiwa. Inapaswa kuelezwa kwa upole kwamba ubongo uliopitia dawa za usingizi, mashine ya moyo na mapafu, maumivu, upungufu wa usingizi na mabadiliko ya damu unaweza kuyumba kwa muda, na kwamba wengi hurejewa na fahamu zao. Sala na dua za familia hazizuiwi. Kinachozuiwa ni kumtoa mgonjwa hospitalini kabla sababu haijatafutwa.

Vilevile deliriamu si kiharusi, lakini kiharusi kinaweza kutokea baada ya upasuaji wa moyo na kuonekana kama kuchanganyikiwa. Mdomo ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, au maneno yakianza kukwama, mazoezi husimama na daktari huitwa papo hapo.

Sababu hutafutwa kwanza

Hakuna zoezi linaloweza kutibu deliriamu iliyosababishwa na oksijeni kidogo, sukari kushuka, maambukizi, upungufu wa maji au chumvi za damu zilizovurugika. Kabla ya kumsimamisha mgonjwa, timu hujiuliza: Je, anapumua vizuri? Ana homa? Anatokwa na damu? Maumivu yametulizwa? Mkojo unatoka? Amepata choo? Amepewa dawa za kumlaza, kama diazepamu, ambazo zinaweza kuongeza mkanganyiko? Je, alikuwa mnywaji wa pombe wa kila siku aliyeiacha ghafla alipolazwa? Swali la mwisho huonewa haya na familia nyingi, lakini jibu lake hubadilisha tiba.

Dawa za kutuliza akili zina nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa mahututi wenye deliriamu haloperido, ziprasidoni au dawa isiyo na kiini tiba. Siku walizoishi bila deliriamu hazikutofautiana. Dawa hizo huweza kuhitajika pale mgonjwa anapohatarisha maisha yake, lakini haziwezi kuwa badala ya uangalizi.

Kwa nini mwili utembezwe ili akili itulie

Kitanda kina madhara yake. Mtu anayelala mchana kutwa hupoteza mpaka kati ya usiku na mchana. Mapafu yake hayafunguki vizuri, misuli hulegea, na mpira wa mkojo hukaa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kila moja ya mambo hayo huweza kuchochea mkanganyiko. Anapoketi, akatazama dirishani, akanawa uso na kunywa uji kwa mkono wake mwenyewe, ubongo hupokea taarifa za kweli: kumekucha, hapa ni mahali fulani, mwili huu ni wangu.

Utafiti ulioungwa mkono na ushahidi wa namna hii ulichapishwa mwaka 2009. Katika hospitali mbili za Marekani, wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia waligawanywa makundi mawili. Walioanzishiwa mazoezi mapema, wakati wa kupunguziwa dawa za usingizi, walikuwa na deliriamu kwa wastani wa kati wa siku 2, ilhali wenzao walikuwa nayo kwa siku 4. Walipotoka hospitalini, asilimia 59 yao waliweza kujitegemea, dhidi ya asilimia 35 ya kundi la pili. Kabla ya hapo, mwaka 1999, utafiti uliohusu wazee 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulionesha kwamba mkusanyiko wa hatua nyepesi, yaani kumtembeza mgonjwa, kumkumbusha mahali na siku, kulinda usingizi wake, kumpa miwani, kumsaidia kusikia na kumnywesha maji, ulipunguza waliopata deliriamu kutoka asilimia 15 hadi 9.9.

Ni haki kuongeza mambo mawili. Kwanza, tafiti hizo hazikuwahusu wagonjwa wa upasuaji wa moyo pekee. Mafundisho yake hutumika kwao kwa uangalifu. Pili, zaidi si lazima iwe bora. Mwaka 2022 utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 750 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia ulionesha kwamba kuongeza kiasi cha mazoezi kupita yale ya kawaida hakukuongeza siku za kuishi nje ya hospitali, na matukio mabaya yaliongezeka. Hekima yake ni hii: mazoezi yaanze mapema, yapimwe kama dawa inavyopimwa, na yasigeuzwe mashindano.

Usalama kabla ya hatua ya kwanza

Mgonjwa wa moyo huwa na mirija kifuani, nyaya za muda za kuongoza mapigo na mfupa wa kidari uliopasuliwa na kufungwa kwa waya. Aliyechanganyikiwa hakumbuki kwamba vitu hivyo vipo. Kwa hiyo wahudumu wawili huhitajika: mmoja wa kumshika mgonjwa, mwingine wa kulinda mirija na kutazama mashine. Vituo vingi huahirisha au husimamisha mazoezi iwapo mapigo ya moyo ni chini ya 40 au zaidi ya 130 kwa dakika, wastani wa shinikizo la damu ni chini ya 65, mgonjwa anapumua zaidi ya mara 40 kwa dakika, au oksijeni imeshuka chini ya asilimia 88 hadi 90. Daktari wa upasuaji anaweza kuweka mipaka mikali zaidi kwa mgonjwa fulani, na mipaka hiyo ndiyo hufuatwa. Damu nyingi mpya kwenye mirija ya kifua, mdundo mpya wa moyo usio wa kawaida, au sauti ya mifupa kusuguana kifuani ni sababu za kusitisha na kuita msaada.

Kumfunga mikono mgonjwa huonekana njia rahisi ya kulinda mirija. Lakini kufungwa huongeza hofu na fadhaa, na humnyima mwendo anaouhitaji. Uwepo wa ndugu mmoja anayefahamika, kuondoa mapema mirija isiyohitajika tena, na kufunika kanula kwa bandeji hufaa kujaribiwa kwanza.

Namna kipindi kinavyoendeshwa

Chukua mfano wa kufundishia: mkulima wa mboga wa Mgeta mwenye umri wa miaka 66, aliyebadilishiwa mlango wa moyo, yaani valvu. Siku ya tatu anasema yuko shambani na kwamba kabichi zake zinaibwa. Kumbishia hakuna faida. Kukubaliana naye ni kumdanganya. Mtaalamu hukaa mbele yake, macho kwa macho, na kusema polepole: "Shikamoo, mzee. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi. Hapa ni hospitali, Dar es Salaam. Ulifanyiwa upasuaji wa moyo Jumatatu. Leo ni Alhamisi, asubuhi. Kabichi tutaziulizia nyumbani. Sasa tukae." Iwapo Kiluguru ndicho kinachomfikia upesi, mwanawe husaidia kuyasema hayo kwa lugha hiyo.

Baada ya salamu, umakini hupimwa. Mgonjwa huombwa auminye mkono wa mhudumu kila asikiapo herufi A katika mfululizo wa herufi kumi. Makosa zaidi ya mawili huashiria kwamba umakini umepungua. Pale kipimo rasmi kinapokosekana, kutaja siku za juma kinyumenyume kuanzia Jumapili hutoa fununu bila kumhitaji mgonjwa awe amesoma. Matokeo huandikwa pamoja na saa, kwa kuwa deliriamu hubadilika.

Kisha mwili huanza kazi, hatua kwa hatua:

Kwanza, kitandani. Kichwa cha kitanda huinuliwa, vifundo vya miguu hukunjwa na kunyooshwa, mgonjwa huvuta pumzi ndefu, na hukohoa huku amekumbatia mto kifuani ili kulinda kidonda.

Pili, ukingoni mwa kitanda. Miguu huning'inizwa na kisha kukanyaga sakafu. Kizunguzungu huulizwa, na shinikizo la damu hupimwa upya.

Tatu, kusimama na kuhamia kitini. Mgonjwa husimama kwa nguvu za miguu, mikono ikiwa karibu na mwili, bila kuvutwa kwa makwapa wala kujisukuma kwa mkono mmoja.

Nne, kutembea, kwanza hatua chache kando ya kitanda, kisha ukumbini na hadi chooni.

Kwa aliyechanganyikiwa, kanuni ni agizo moja kwa wakati mmoja, maneno machache, na kuonesha kwa vitendo. Kipindi cha dakika 10 hadi 15 kinachorudiwa mara mbili au tatu kwa siku humfaa kuliko kimoja kirefu kinachomchosha. Asubuhi mara nyingi ndiyo saa ya akili kuwa nyepesi. Kazi anayoijua huamsha zaidi kuliko zoezi geni: mkulima asiyeelewa "inua goti" anaweza kuelewa "panda ngazi," na mama asiyenyoosha mkono anapoagizwa huweza kuunyoosha apewapo kitambaa ajipanguse uso. Miwani na kifaa cha kusikia, kama anavyo, huvaliwa kabla ya kuanza. Usiku taa hupunguzwa, kelele hupungua, na asiyehitaji kuamshwa haamshwi.

Mgonjwa wa deliriamu ya ukimya hahitaji kutulizwa bali kuamshwa: mwanga wa dirisha, kuketi wakati wa mlo, jina lake likitajwa, na sauti za watu anaowapenda.

Wajibu wa Morogoro kabla ya safari

Kinga huanza kabla ya upasuaji. Wagonjwa wengi vijana hufikia hatua ya kubadilishiwa milango ya moyo kwa sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni. Wazee huweza kuwa na mishipa ya moyo iliyoziba au mlango uliokakamaa. Umri mkubwa, kumbukumbu iliyoanza kupungua, kiharusi cha zamani, kisukari, udhaifu wa mwili na unywaji pombe huongeza uwezekano wa deliriamu.

Barua ya rufaa kutoka kituo cha afya au hospitali ya mkoa huandika dawa na vipimo. Inafaa iongeze mistari michache: lugha anayoizungumza kwa wepesi, kama anatumia miwani au hasikii vizuri, hali ya kumbukumbu yake ya kawaida, kiasi cha pombe, na umbali aliokuwa akitembea kabla ya kuugua. Bila mistari hiyo, wodi ya Dar es Salaam haiwezi kujua kama mzee asiyejibu amebadilika au hajasikia. Mgonjwa mwenyewe afundishwe kupumua kwa kina, kukohoa kwa kukumbatia mto, na kuinuka bila kutumia mikono. Anayeyajua hayo kabla huyakumbuka kwa urahisi hata akili ikiwa na ukungu. Ndugu aambiwe mapema: "Anaweza kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa. Ikitokea, tuiteni, msiogope."

Kurudi mlimani

Tangu Juni 2024 treni ya kisasa huunganisha Dar es Salaam na Morogoro, na sehemu hiyo ya safari imekuwa nyepesi. Sehemu ngumu huanza baada ya stesheni. Barabara za kwenda Mgeta, Kinole au Matombo zina miinuko na makorongo, na mara nyingi mwisho wa safari ni bodaboda. Kwa mtu ambaye kidari hakijaunga, pikipiki huleta mitikisiko na hatari ya kuanguka. Pale inapowezekana, akae kwanza majuma machache kwa ndugu mjini, mahali tambarare na karibu na hospitali, kabla ya kupanda.

Mfupa wa kidari huhitaji takriban majuma 6 hadi 12 kuunga. Katika muda huo ndoo ya maji, mzigo wa kuni, tenga la mboga na jembe vyote ni vizito mno, hata vikibebwa kichwani, kwa kuwa mikono ndiyo huvipandisha huko. Aliyepitia deliriamu huweza kusahau makatazo haya. Kwa hiyo hufundishwa pamoja na mtu anayelala naye nyumba moja.

Kutembea huanza kwa dakika 5 mahali tambarare, mara kadhaa kwa siku, na kuongezwa kidogo kidogo. Kipimo chepesi ni maneno: anayetembea aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mteremko huja baadaye, kwanza mfupi, na kuna mtu kando yake. Maumivu ya kifua, kupoteza fahamu, mapigo kwenda mbio au pumzi kukatika humaanisha kuacha na kutafuta tiba.

Hatari kubwa ya usiku ni choo cha nje. Kopo au ndoo karibu na kitanda, taa inayofikika, na kukaa dakika moja ukingoni kabla ya kusimama huzuia maanguko mengi. Mwenye mlango wa moyo wa chuma hutumia warfarini kuzuia damu kuganda; akianguka na kujigonga kichwa, apelekwe hospitali hata kama anasema hajaumia. Mboga za majani za Mgeta hazikatazwi, ila zisiliwe nyingi mno juma moja na kuachwa kabisa juma lijalo, kwani hubadilisha nguvu ya dawa hiyo.

Mkanganyiko ukirudi nyumbani, hasa pamoja na homa, kipimo cha malaria hufanyika, lakini uchunguzi hauishii hapo. Kidonda, mapafu, mkojo na mlango mpya wa moyo vyote huweza kuwa chanzo, na mgonjwa wa namna hiyo huhitaji daktari siku hiyo hiyo.

Wengine hubaki na usahaulifu, ndoto za kutisha au aibu kwa waliyoyasema wodini. Inafaa waelezwe kwamba maneno hayo yalikuwa ya ugonjwa. Mhudumu awaulize habari za usingizi na kumbukumbu kila wanapohudhuria kliniki, na endapo hali haitengemai baada ya miezi michache, wapewe rufaa.

Muhtasari

Kwa wahudumu: tafuteni sababu, pimeni umakini kila siku, msimwache mgonjwa mkimya, anzeni mazoezi mapema kwa kipimo na kwa watu wawili, andikeni hali yake ya kawaida katika rufaa.

Kwa familia: kaeni naye mchana, mtajieni siku na mahali, mleteeni miwani yake, msibishane naye, msiivute mikono yake. Na atakaporudi nyumbani, ndoo ya maji ibebwe na mwingine hadi daktari aseme kifua kimeunga.